Karanga Zikae Kando na Unga



Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Hapo majirani humshauri mama, awe Mikumi au Kilosa mjini, atafute unga wa lishe: mahindi, mchele, ulezi, mtama, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Wengi huamini kwamba nafaka zikiwa nyingi ndipo mtoto anaponawiri. Sisi hatukubali. (Zamani hata baadhi yetu tuliwasagia watoto wetu unga huo, tena kwa fahari.)

Mahindi, mchele, ulezi na mtama ni ndugu wa ukoo mmoja. Kazi yao kubwa ni kutia nguvu. Kuweka vinne mahali pa kimoja ni kuongeza gharama tu. Soya na karanga ndizo hujenga mwili, lakini zikisagwa na nafaka huleta taabu. Soya hutaka moto wa muda mrefu. Uji huonekana umeiva huku soya bado mbichi, na tumbo la mtoto huchafuka. Karanga zina mafuta, basi unga huchacha upesi. Tena karanga yenye ukungu ikishasagwa, nani ataiona? Ukungu huo huleta sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Dodoma tunapakana nao.

Sagisha mahindi makavu, safi, au ulezi peke yake. Karanga zichambue kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu, kaanga, kisha twanga laini za siku hiyo tu na kuzitia katika uji unaochemka.

Uji wenyewe uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kumwagika. Ule uji mwepesi anaoachiwa dada mdogo wakati mama yuko shambani hujaza tumbo, lakini sehemu kubwa ni maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, wa miezi 9 na zaidi mara 3 au 4, na aendelee kunyonya hadi miaka miwili.

Wala asiishie kwenye uji. Mpondee maharage au mbaazi, mchicha, papai, dagaa waliotwangwa, na yai lililoiva vizuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto kama 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sisi wa Kilosa tunalima mpunga, mahindi na mbaazi, na kuku tunao. Tatizo ni kwamba mayai huondoka nyumbani kabla mtoto hajayaonja. Akina baba, hapo tunawasemesha ninyi: kabla kapu halijapelekwa barabarani kuuziwa abiria wa Iringa, toeni mawili ya mtoto.