Isimu na Utambuzi wa Askari Wasiojulikana katika Picha za Vita vya 1914-1918

1.0 Utangulizi

Picha nyingi zilizopigwa Afrika ya Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zimehifadhiwa Ulaya. Mkusanyiko wa Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, umo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Nyingine zimo katika makumbusho ya vita ya London. Tangu mwaka 2008, sehemu ya picha za hifadhi hiyo ya Ujerumani zimewekwa katika intaneti ili zitazamwe na yeyote. Mara nyingi ofisa wa Kizungu katika picha hizo hutajwa kwa jina na cheo, ilhali waliosimama nyuma yake hutajwa kwa neno moja tu, yaani askari. Wapagazi huenda wasitajwe kabisa.

Kazi ya kuwatambua watu hawa imeachiwa wanahistoria na watunza nyaraka. Rai yetu katika makala haya ni kwamba kwa sehemu kubwa hii ni kazi ya isimu, na kwamba idara za Kiswahili zimechelewa kuidai.

2.0 Maneno yaliyo chini ya picha

Tuanze na neno lenyewe. Askari, neno lenye asili ya Kiarabu, halibadiliki umbo katika umoja na wingi. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotujulisha idadi: askari amesimama, askari wamesimama. Linapoandikwa peke yake chini ya picha, upatanisho huo haupo, na mtu humezwa na kundi. Isitoshe, neno hilo hilo laweza kumhusu mtu wa Schutztruppe ya Wajerumani, wa King's African Rifles ya Waingereza, au wa Force Publique ya Wabelgiji iliyoingia Tabora mwezi Septemba 1916. Msomaji wa maelezo kama hayo hajui hata mtu huyo alipigana upande gani.

Majina ya vyeo yana manufaa zaidi. Schutztruppe ilikuwa na ombasha, shaushi, betshaushi, soli na efendi. Vingi vya vyeo hivi vina asili ya Kituruki na vilifika kwetu pamoja na askari wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaandikisha Misri mwaka 1889. Ombasha, kwa asili yake, ni mkuu wa watu kumi. Mtafiti anayeyafahamu maneno haya, akayaoanisha na tepe zinazoonekana mkononi mwa mtu katika picha, ataipunguza sana orodha ya majina anayopaswa kuyachunguza.

3.0 Tatizo la majina

Jina lililoandikwa na karani Mjerumani lilifuata masikio na tahajia yake. Juma laweza kuwa Djuma au Dschuma. Waziri laweza kuwa Wasiri, kwa kuwa herufi s ikitangulia irabu husomwa z katika Kijerumani. Kwa sababu hiyo hiyo Saidi na Zaidi, ambayo ni majina mawili mbalimbali, huweza kukutana katika tahajia moja. Anayetafuta kwa tahajia ya leo atalikosa jina, au atampata mtu mwingine kabisa.

Zaidi ya tahajia, jina lenyewe laweza kubadilika. Mahjub bin Adam alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kisudani, akatumikishwa vitani akiwa bado mtoto. Alikwenda Ujerumani mwaka 1929, na huko akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alisaidia kufundisha Kiswahili Berlin, akaigiza nafasi ndogo ndogo katika filamu, na akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Kwa kuwa aliacha hati, yakiwemo madai ya mishahara yake ya vita, wataalamu waliweza kuyaunganisha majina hayo mawili. Bila hati hizo tungekuwa na watu wawili, kila mmoja nusu.

4.0 Tahadhari

Wapo wanaodhani kwamba kompyuta zinazolinganisha nyuso zitaimaliza kazi hii. Hatukubaliani nao. Ulinganishi wahitaji picha ya pili yenye jina la hakika, na kwa walio wengi picha hiyo haipo. Jina lisilo lake humpoteza mtu mara ya pili: huupa ukoo mmoja babu asiye wao na kuunyima ukoo mwingine haki yake. Tunapendekeza daraja tatu: jina lililothibitishwa na hati mbili zisizotegemeana, jina linaloelekea, na jina lisilojulikana. Daraja la tatu si aibu kwa mtafiti.

Aidha, kutambua si kusifu. Yamkini baadhi ya walioonekana katika picha za 1914 walishiriki kuizima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907. Jina likirudi nyumbani, huenda wengine wakalipokea kwa fahari na wengine kwa uchungu. Mtafiti hana mamlaka ya kuwachagulia.

5.0 Hitimisho

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Mwaka 2021, kamati ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hatuwezi kuwarudisha wote. Twaweza, hata hivyo, kuandaa jedwali la tahajia za Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa za majina ya watu wetu, pamoja na faharasa ya vyeo vya kijeshi. Hizo ni kazi zinazowafaa wanafunzi wa uzamili, na mtu asiyekijua Kiswahili vyema hawezi kuzifanya kwa usahihi. Tusipozifanya sisi, maelezo yaliyo chini ya picha yatabaki kama yalivyoandikwa na watu ambao hawakuona haja ya kuuliza jina.