Sumu ya kibanja isilale ndani na watoto

Kwetu Bukoba na Muleba shamba na nyumba ni kitu kimoja. Nyumba imekaa katikati ya kibanja. Mgomba wa kwanza uko hatua chache kutoka mlango wa jikoni, maharage yako chini yake, mbuzi amefungwa kamba nyuma ya choo, na mtoto wa miaka miwili anazunguka humo humo tangu asubuhi. Kwa hiyo sumu unayonunua kwa ajili ya shamba ni sumu uliyoileta nyumbani, hata kama hukuikusudia hivyo.

Sikatai kwamba adui ni wengi. Fukusi anatoboa migomba mpaka inaanguka na upepo mdogo tu, fuko anamaliza viazi, panya wako darini, na mbuzi wa jirani akikata kamba anaweza kula maharage ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Ninachobishania ni namna tunavyopigana nao.

Angalia jinsi dawa inavyofika nyumbani. Chupa nzima ni ghali, basi mtu anapimiwa kidogo kwenye chupa ya soda au ya maji, bila lebo, na kufungwa kwa kipande cha nailoni. Akifika anaiweka chini ya kitanda au juu ya ukuta wa jiko, karibu na mafuta ya taa. Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua vizuri sana. Ameshawahi kuinywa siku ya Krismasi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na mwenye duka anayekubali kupima dawa kwenye chupa ya soda anashiriki kosa hilo sawa na mnunuzi. Dawa ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, nje ya chumba cha kulala. Kama huna uwezo wa kununua chupa nzima, nunueni majirani wawili watatu, mmoja mwenye kufuli aitunze, na siku ya kupuliza muitumie pamoja.

La pili ni baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa hasira. Mtu amechoka na mbuzi, mbwa au ngedere wanaoingia kwake, anapaka sumu kwenye ndizi mbivu au anaichanganya na pumba, anaitega mpakani. Ndugu yangu, ndizi mbivu iliyolala njiani ataiokota nani kwanza? Watoto wanaotoka shule na njaa hupita hapo hapo. Na kuku akila chambo hicho akafa, kuna mama atakayesikitika kumtupa, atamchinja haraka haraka na kumpika. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana haliwi. Na mbuzi wa jirani apelekwe kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, hasara ipimwe, ilipwe. Ugomvi wa maharage unaweza kusuluhishwa.

Sasa sikiliza hili kwa makini, wewe mzazi wa Muleba hasa. Sumu nyingi za wadudu humfanya mtoto atoe mate na machozi mengi, atoke jasho, atapike, aharishe, mboni za macho ziwe ndogo sana, kifua kikorome, misuli itetemeke, na mwishoni apate degedege. Kwa eneo linaloijua malaria kama letu, wengi wakiona kutapika na degedege wanasema malaria, wanatafuta dawa ya mseto na kusubiri kesho. Hata kipimo cha malaria kinaweza kusoma kwamba mtoto anayo, na bado kinachomuua usiku huo kikawa sumu. Mweleze mganga mapema kama kuna dawa ya shamba nyumbani au kama jirani alikuwa anapuliza.

Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala yai bichi; anaweza kupaliwa, vikaingia mapafuni. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi huku mikono yako umeivika mifuko ya plastiki, mlaze kwa ubavu, kisha kimbia hospitali, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya mkoa pale Bukoba. Beba na chombo cha dawa, kwa kuwa tiba ya sumu moja si tiba ya nyingine. Mtoto aliyekula sumu ya panya anaweza kuonekana mzima kwa saa kadhaa. Mpeleke hivyo hivyo.

Wenyeji wa Muleba mnakumbuka vikosi vya kupulizia nyumba dhidi ya mbu vilipoanza mwaka 2007. Walivaa barakoa, glavu na buti, wakaamuru vyombo na chakula vitolewe nje. Leo mtu anabeba bomba mgongoni akiwa na kandambili, mwanawe anamshikia ndoo, na shati hilo hilo linachanganywa na nepi kwenye beseni moja la kufulia.

Kwa fukusi wala huhitaji kuanza na sumu. Pasua vipande vya mgomba uliokwisha kuvunwa, vilaze chini karibu na shina, upande uliokatwa utazame ardhi. Baada ya siku mbili tatu vigeuze, okota fukusi waliojikusanya, uwaue. Ng'oa mashina ya zamani, panda machipukizi masafi. Ni kazi ya kurudia kila wiki, inachosha, lakini mtoto akiigusa hafi.

Na kwa wanaolima nyanya na mchicha wa kuuza: lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Kama imesema siku saba, ulichopulizia Jumatano hakiendi sokoni Jumamosi. Najua wapo wanaotenga tuta la kula nyumbani lisilopulizwa, na la kuuza likapulizwa mpaka siku ya kuvuna. Mama anayenunua fungu hilo sokoni Bukoba naye ana mtoto wa miaka miwili.