Jalada Lililotoboa Siri

Mwaka 1948 kampuni ya Signet ya New York iliitoa riwaya ya Mickey Spillane, *I, the Jury*, kwa jalada laini na bei ya senti 25. Mchoraji Lu Kimmel aliweka juu yake mwanamume mwenye bastola na mwanamke anayefungua vifungo vya blauzi mbele yake. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni. Wakusanyaji wa leo wanalisifu jalada hilo kana kwamba ni mali ya makumbusho. Mimi naliita hiana, tena hiana ya mchana kweupe, kwa sababu tukio lile limechukuliwa kwenye kurasa za mwisho. Mnunuzi alitoa pesa yake ili ahangaike na swali la nani kaua, na jibu alikuwa amelishika mkononi tangu dukani.

Msiniambie kwamba ni ushamba kuchukia mwili wa mwanamke jaladani. Mwili haunisumbui. Kinachonisumbua ni wizi. Mwaka 1952 kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na mbunge Gathings ilikaa kuchunguza vitabu hivi vya bei rahisi, na waheshimiwa wakapiga kelele kuhusu maadili na mapaja. Kelele zote hizo, na msomaji aliyeuziwa fumbo lililokwisha kufumbuliwa hakuwa na wa kumtetea.

Najua watakaokimbilia upande wa pili, kwa Allen Lane na Penguin yake ya London. Tangu 1935 riwaya za upelelezi za Penguin zilivaa mistari ya kijani, jina la kitabu, jina la mwandishi, basi. Picha hakuna. Signet yenyewe ilizaliwa pale tawi la Penguin la Marekani, chini ya Kurt Enoch na Victor Weybright, lilipojitenga na Lane, na moja ya sababu ilikuwa majalada hayohayo ya picha ambayo mzee huyo hakuyataka hata kidogo. Watu wa heshima wanampigia makofi mpaka leo. Sawa, kijani hakikutoboa siri ya mtu. Lakini hakikufanya kazi yoyote nyingine pia! Dorothy L. Sayers na mwandishi wa hovyo asiyekumbukwa na yeyote walivalishwa sare moja kama wanafunzi mstarini. Huo ni uvivu uliojifunika shuka la ustaarabu. Penguin wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana mwaka 1961 mkurugenzi wao wa sanaa, Germano Facetti, alimpa kazi Romek Marber, Mpolandi, ambaye alikibakiza kijani, akalibana jina sehemu ya juu, kisha eneo lote lililobaki akaliachia picha: nyeusi, zilizokatwakatwa, zenye wasiwasi. Humo unahisi kuna maiti mahali fulani, na huambiwi ni ya nani wala nani kaiacha.

Hata hivyo, wangu wa moyoni ni Dell. Kuanzia 1943 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni hiyo ya Marekani ilichapa mamia ya vitabu vyenye ramani nyuma ya jalada: vyumba vya nyumba ya mauaji, kisiwa, mtaa, mahali mwili ulipookotwa. Nyingi zilichorwa na Ruth Belew. Walioelimika sana waliziona za kitoto. Kitoto? Ramani ile inakueleza kila kitu kuhusu wapi na inanyamaza kuhusu nani. Inakukabidhi eneo la tukio na kukuacha uanze upelelezi. Ni heshima gani kubwa kuliko hiyo? Dell wenyewe wakaziua, wakaweka wanawake wenye gauni za kulalia.

Uingereza alibaki Tom Adams, aliyeanza kuichorea kampuni ya Fontana vitabu vya Agatha Christie mwaka 1962 kwa *A Murder Is Announced*. Tazama *Death in the Clouds*: nyigu mkubwa wa kutisha na ndege angani. Ukilitazama kabla ya kusoma, unaona kituko. Ukimaliza kitabu unarudi kulitazama na kujilaumu, maana mchoraji alikuwa anakuchezea mchezo uleule wa mwandishi. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyepewa muhtasari wa aya mbili.

Sasa nenda dukani leo. Mtu wa koti refu, mgongo kwetu, ukungu, taa ya barabarani. Geuza kitabu cha pili: yuleyule, koti lilelile. Au uso wa mwigizaji kutoka bango la filamu, kama walivyofanyiwa abiria wa *Murder on the Orient Express* mwaka 2017, ili Poirot wa kichwani mwako afukuzwe kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Sisi tuliosoma James Hadley Chase wa Corgi, vile vya mtumba vilivyopita mikono ya shule nzima, tunaujua ugonjwa huu kwa jina: msichana wa picha aliyekaa jaladani bila kuwa na uhusiano wowote na waliouawa ndani.

Wachapishaji wasiniambie habari za soko. Senti 25 za Dell zilikuwa soko pia. Mchoraji apewe kitabu kizima, alipwe kwa muda wa kukisoma hadi ukurasa wa mwisho, kisha akatazwe kuuchora.