Wasifu wa mzee usisubiri usiku wa msiba

Ni saa tano usiku. Uani wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, ndani kina mama wamejaa mikekani. Katika chumba cha nyuma, watoto watano wa marehemu wameizunguka kompyuta moja. Maziko ni kesho saa nane mchana, na wasifu wa marehemu unatakiwa asubuhi ukachapwe.

Mstari wa kwanza ni jina, huo haukuwa na shida. Wa pili ni mwaka wa kuzaliwa. Mmoja anasema 1946, mwingine 1948. Alisoma wapi? “Muulizeni shangazi.” Shangazi amelala, amechoka kulia. Alifanya kazi reli, hilo wote wanalijua. Alianza lini? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 alikuwa Nairobi au Tabora? Alirudije nyumbani? Kimya. Mama yao yupo hai chumba cha pili, lakini nani wa kumwendea usiku ule na kalamu mkononi?

Wakaishia na nusu ukurasa: alizaliwa, alioa, aliugua, alifariki. Ugonjwa ulipata mistari sita. Kazi ya miaka mingi ilipata mmoja.

Aliyekuwa akichapa ni binti wa jirani, mhitimu wa chuo asiye na ajira, aliyeitwa kwa sababu ndiye mwenye kompyuta. Baada ya arobaini, mtoto wa kwanza wa marehemu alimpigia simu. “Mdogo wangu, habari za baba zimetupotea. Njoo uandike za mama wakati bado anakumbuka. Tutakulipa.”

Familia kama hii zipo katika kila mtaa, na mabinti kama huyu pia wapo. Wengi wao hawajawahi kufikiri kwamba kusikiliza maisha ya mtu na kuyaandika vizuri ni kazi inayoweza kumlipa mtu kodi ya nyumba.

Kazi yenyewe si ngeni

Shaaban Robert alifanya hivyo kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, akatuachia kitabu cha wasifu wake. Mwaka 1989 kilitoka kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, waliosimulia wenyewe kwa mdomo huku watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel wakirekodi na kuhariri. Wanawake wale hawakuwa mawaziri. Walikuwa watu wa mtaani wenye mambo ya kusema.

Marekani na Uingereza wapo wanaoishi kwa kazi hiyo tu: kuandika maisha ya watu wa kawaida, kwa ajili ya wajukuu wao tu. Kwetu milango ni mingi zaidi ya kitabu. Kuna wasifu wa msiba. Kuna kijitabu cha miaka 50 ya ndoa, au cha kumuaga mwalimu anayestaafu. Kuna barua ya kuomba kazi ya mama aliyelea watoto miaka kumi na sasa anaona hana la kuandika, wakati ndani ya miaka hiyo aliendesha genge, akawa mweka hazina wa vikoba na kumuuguza mkwe.

Faida yake kwa afya

Zamani madaktari wengi waliona mzee anayerudia habari za ujana wake ni mtu ambaye akili imeanza kuchoka. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kinyume chake. Alisema kuyapitia maisha yaliyopita ni kazi ya kawaida ya uzee: mtu anapima alikotoka, anapatana na yaliyomuuma, anajiandaa kwa safari iliyobaki. Anachohitaji ni msikilizaji.

Daktari Harvey Chochinov wa Kanada aliipeleka hoja hiyo kwa wagonjwa walio mwisho wa maisha. Mgonjwa huulizwa maswali machache: kipi anachokumbuka zaidi, kipi anajivunia, nini anataka watoto wake wajue. Mazungumzo hurekodiwa, huandikwa, husafishwa, kisha husomwa mbele yake ili arekebishe mwenyewe. Karatasi hizo huachiwa familia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 100 wa Kanada na Australia, asilimia 91 walisema wameridhika na huduma hiyo, na asilimia 76 walisema imewaongezea kujiona watu wenye heshima.

Mfano wa karibu zaidi uko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Huko watafiti wa Ujerumani waliwafundisha wakimbizi wenyewe, ambao hawakuwa madaktari, kuwasaidia wenzao kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za vita. Msimuliaji alipanga maisha yake yote kwa mfuatano, tangu kuzaliwa, mazuri na mabaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miongoni mwa waliosimulia kwa njia hiyo, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa huo walipopimwa baadaye. Kundi lililofuatiliwa tu bila msaada lilifikia asilimia 37.

Tazama vizuri, mzazi. Waliosaidia hawakuwa na shahada, lakini walifundishwa kwanza na walisimamiwa. Hapo ndipo mpaka wa kazi hii ulipo.

Kupanga upya si kudanganya

Baba aliyepunguzwa kazini akiulizwa maisha yake husema, “Nilifukuzwa, nikawa si kitu.” Mwandishi mzuri hambishii wala hampambi. Anauliza: “Mwaka huo nyumbani mlikula nini? Ada alilipa nani?” Polepole inatoka habari ya baiskeli, magunia ya mkaa na watu wanane waliolala wameshiba. Kufukuzwa kunabaki palepale, ila hakubaki peke yake.

Washauri Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walijenga tiba nzima juu ya jambo hilo. Walimfundisha mtu kulitazama tatizo kama kitu kilicho kando yake, si kama jina lake. Mwanasaikolojia Ncazelo Ncube, mzaliwa wa Zimbabwe, akishirikiana na David Denborough, aliigeuza njia hiyo ikawa mchoro wa mti kwa watoto walioguswa na Ukimwi.

Mchoro huo unafaa hata nyumbani, Jumapili mchana. Mizizi ni tulikotoka. Ardhi ni mambo ya kila siku. Shina ni tunachokiweza. Matawi ni matumaini. Majani ni watu wetu wa muhimu, waliopo na waliotangulia. Matunda ni mema tuliyotendewa. Mtoto mwenye huzuni huanza kuzungumza akiwa amesimama mahali salama, kabla hajagusa panapouma.

Siku kinasa sauti kilipozimwa

Binti wa jirani alianza vizuri. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, karibu.” Hakumuuliza mama miaka, kwani miaka humchanganya mzee. Alimuuliza matukio. Uhuru ulipokuja ulikuwa umevunja ungo? Azimio la Arusha lilikukuta umeolewa? Wakati wa kuhamia vijijini mlikuwa wapi? Vita vya Kagera? Kwa 1961, 1967, 1974 na 1978, maisha yote yakajipanga kama shanga.

Kikao cha tatu mama alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kulisikia. Kabla ya ndoa alizaa mtoto wa kike. Akalelewa na dada yake. Ndiye yule wanayemwita dada wa kwa mama mkubwa, yule anayekuja kila msiba na kuosha vyombo vyote.

Binti alizima simu. Hakusema “pole” kumi, wala hakuuliza baba wa mtoto ni nani. Alikaa. Mama alipomaliza kufuta macho, alimuuliza: “Mama, hili liandikwe, lisiandikwe, au niliandike pembeni ulishike mwenyewe?”

Mama akasema pembeni.

Jioni ile mwenye fedha alipiga simu. “Mdogo wangu, mama amesemaje leo?” Mlipaji ni yeye. Lakini habari si zake. Binti akajibu, “Kaka, rasimu ikikamilika mama ataisoma kwanza, kisha atawapa ninyi.” Kaka hakupenda. Siku mbili hakupokea simu, na nusu ya malipo ilikuwa bado mkononi mwake.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii apime hapo kama anaiweza. Kanuni chache zinamlinda yeye na msimuliaji:

Kwanza, kabla ya kurekodi, pawe na makubaliano ya maandishi: nani anasoma kwanza, nini kinaweza kufutwa, sauti zitatunzwa wapi na zitafutwa lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Habari za ugonjwa, ndoa na watoto wa mtu si za kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Pili, usimchimbe mtu mwenye jeraha bichi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri kutotumia kikao cha kumtaka mtu asimulie janga lililotoka kumpata kama njia ya kumkinga na madhara yake. Mjane wa wiki moja anahitaji chakula, usingizi na watu. Wasifu wake utasubiri.

Tatu, jua pa kuishia. Msimuliaji akianza kukosa usingizi kila baada ya kikao, akiacha kula, au akisema ni heri afe, kazi ya kuandika inasimama siku hiyohiyo. Anayefuata ni daktari, ofisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha wa hospitali. Usimwache peke yake huku ukitafuta namba.

Bei ipangwe kwa saa

Wengi wanaoanza hupata hasara kwa sababu wanatoza kama wachapaji wa stationery, kwa ukurasa. Saa moja ya sauti huchukua kama saa nne hadi sita kuiandika kwa mkono, hasa mzee anapochanganya Kiswahili na Kinyamwezi. Programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi husaidia, lakini huharibu majina ya watu na vijiji, na majina ndiyo yenye thamani hapa.

Piga hesabu. Vikao vitatu vya saa moja ni saa 3. Kuandika ni saa 12 hadi 18. Kupanga na kuandika upya, saa 10. Kumsomea mwenyewe, saa 2. Masahihisho, saa 3. Hizo ni saa 30 hadi 36, karibu wiki nzima ya kazi, bila nauli wala uchapaji. Jiulize wiki yako ni shilingi ngapi, kisha ndipo utaje bei. Pokea sehemu kabla ya kuanza, sehemu baada ya rasimu, na salio siku ya kukabidhi. Kazi ikishika kasi, chukua namba ya mlipakodi mapema. Shule, vyama vya wastaafu na makanisa hupenda kumlipa mtu mwenye risiti.

Wateja wa kwanza hawatafutwi mbali. Andika za bibi yako bure, kwa uangalifu uleule. Siku zikisomwa mbele ya ukoo, wenye wazazi wao hapo watakuja wenyewe.

Kwa mzazi asiye na fedha ya kumlipa mwandishi

Simu unayosomea makala haya ina kinasa sauti. Mkalishe mzazi wako nusu saa, mchana, akiwa ameshakula. Mwombe ruhusa ya kurekodi. Muulize mambo matatu tu: nyumba uliyokulia ilikuwaje, kazi gani uliifanya ukajivunia, nani alikusaidia siku ambayo hukuwa na mtu. Akichoka, acha. Rudi wiki ijayo. Na wewe pia, watoto wako wakikuuliza ulikutana wapi na baba yao, usiseme “niacheni nina kazi.”

Yule mama alisomewa rasimu yake kibarazani, yeye na binti tu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamrudisha kwenye ukurasa wa tisa. “Hapo umeandika nilipata shida. Futa. Andika nilifanya kazi.”

Kaka alilipa salio siku aliposoma kijitabu na kujua, kwa mara ya kwanza, kwamba mwaka 1977 baba yao alirudi kutoka Nairobi na sanduku moja, na mama ndiye aliyewalisha miezi minane kwa kuuza vitumbua.

Ule ukurasa wa pembeni haumo kijitabuni. Mama aliuomba, akaukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la khanga. Wiki iliyofuata alimtumia nauli yule dada wa kwa mama mkubwa, akamwambia aje, hakuna msiba.