Sindano za Kupunguza Unene: Tusilinganishe Kilo Tu



Ndugu wasomaji, siku hizi ukikaa na kina mama kwenye shughuli ya harusi hukosi kusikia habari za sindano za kupunguza unene. Huyu atasema Ozempic ndiyo yenyewe, yule atasema hiyo imepitwa, sasa ni Mounjaro. Kipimo chao ni kimoja: ipi inakata kilo nyingi kwa haraka. Naona kipimo hicho ndicho kinachowaponza watu.

Kwa kilo, jibu lipo. Saxenda, sindano ya zamani kidogo, hudungwa kila siku na hupunguza kidogo kuliko wenzake. Ozempic na Wegovy ni dawa moja, semaglutide, ila ya kwanza imeidhinishwa kwa kisukari na ya pili kwa unene. Mounjaro na Zepbound nazo ni dawa moja, tirzepatide. Hizi hudungwa mara moja kwa wiki. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti uliozishindanisha kwa wiki 72: waliotumia tirzepatide walipungua wastani wa asilimia 20.2 ya uzito wao, wa semaglutide asilimia 13.7. Haya, watu wa Mounjaro wameshinda.

Sasa waulize: ukiacha je? Dawa hizi huiga homoni za utumbo zinazouambia ubongo kwamba umeshiba. Sindano ikisimama, njaa inarudi. Waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutide, katika mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Tena dozi haianzi kubwa. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na hufika 2.4 baada ya wiki 16, ili mwili uzoee kichefuchefu, kutapika na kufunga choo. Anayerukia dozi kubwa ili gauni limkae atalala hospitali badala ya ukumbini.

Na bibi harusi ndiye ninayemhofia zaidi. Semaglutide inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Tirzepatide inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Je, muuzaji wa kwenye simu alimwambia hayo? Alimuuliza kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, au kama yeye amewahi kuugua kongosho? Yeye anauliza namba ya kutumia pesa tu.

Halafu kalamu yenyewe kabla ya kuanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyosafiri kwenye begi siku tatu katika joto letu, nani anajua imebaki na nini? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha juu ya semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa huko zimepenya, sembuse kwetu.

Wapo upande wa pili wanaosema huu ni uvivu tu, mtu afunge Jumatatu na Alhamisi atapungua. Hapo nao sikubaliani. Kula kwa kiasi ni mafunzo ya dini yetu, lakini mgonjwa ni mgonjwa, na kutafuta tiba si aibu. Utafiti wa mwaka 2023, wa watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na uzito uliozidi, ulionyesha semaglutide ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Baba mwenye kisukari na moyo uliochoka ana haki ya kuandikiwa dawa hii na daktari bila kuchekwa msikitini.

Kwa wanaouliza habari za nguruwe: semaglutide hutengenezwa kwa kutumia hamira, na tirzepatide kwa kemikali maabara. Na kuhusu Ramadhani, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipitisha mwaka 1997 kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi. Shida ya mfungaji ni kutapika na kukaukiwa maji, hasa wiki dozi inapopandishwa. Basi aonane na daktari wake Shaaban haijaisha, wapange dozi ibaki palepale mpaka Idi, au aambiwe asifunge.

Wassalaam.