Msichana Akilia, Mvulana Akinyamaza

Mtoto akianguka uani akachubuka goti, nyumba nzima humkimbilia. Akichubuka moyo, nani amwonaye? Hilo ndilo swali tunalowauliza wazazi wenye vijana waliokwisha kubaleghe.

Wataalamu wameona kwamba utotoni wavulana na wasichana hawatofautiani sana kwa sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomtoka mtu kwa majuma. Lakini tangu kiasi cha miaka 12 au 13, wasichana wapatwao hukaribia kuwa mara mbili ya wavulana. Sababu ni nyingi. Mojawapo ilielezwa mwaka 1987 na Bi. Susan Nolen-Hoeksema wa Marekani, nayo ni namna ya kufikiri. Msichana huelekea zaidi kulicheua jambo, kama ng'ombe acheuavyo majani: mbona mimi, nimekosa nini, watu watasemaje? Jambo halitatuki, na huzuni yazidi. Mvulana huelekea zaidi kujisahaulisha kwa mpira na shughuli.

Hata hivyo, tusidhani mvulana amesalimika. Aliyefunzwa kwamba mwanamume halii huificha huzuni yake katika ukali, utoro wa shule, miraa au bangi. Na karibu kila nchi duniani, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni wengi kuliko wanawake.

Nasi twafanyaje? Msichana akijifungia chumbani twasema ana kiburi, au amepandwa na jini. Mvulana akinyamaza twamsifu kuwa ametulia, amekuwa mtu mzima. Wote wawili tumewakosa.

Wazee wetu hawakumwacha mwari peke yake. Walimpa somo wa kumsikiliza na kumwelekeza. Desturi hiyo ina hekima hata leo. Msichana asiachwe kulizungusha jambo lile lile usiku kucha. Na asaidiwe kulitenda lile dogo liwezekanalo. Mvulana naye apewe ruhusa ya kusema, na baba au mjomba aanze kwa kumwuliza bila ya kumcheka. Ikiwa majuma mawili yamepita naye hali, halali, wala hacheki, apelekwe hospitali. Dua ya mzazi na dawa ya daktari hazigombani.

Tusingoje mpaka majirani wakusanyike mlangoni. Mficha maradhi, kilio humfichua.