Injini yako haiulizi bei, inauliza usafi
GURUDUMU, safu ya kila wiki
Na Zuhura Kimweri

Kuna sheli zenye petroli ya aina mbili: ya kawaida, na nyingine yenye jina la kifahari na bei iliyopanda kidogo. Wenye Vitz, IST na Passo huijaza hiyo ya pili mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, eti wanaipa injini dawa. Ndugu zangu, hela hiyo nunueni plagi.

Oktani si nguvu. Ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au yenye turbo, inaihitaji; isiyoihitaji haina pa kuipeleka. Japan wanakotoka hao Vitz, kiwango cha chini cha petroli ya kawaida ni oktani 89, na ile ya juu ni 96. Gari nyingi ndogo tunazoagiza zilitengenezwa zinywe ya kawaida, na petroli inayoshushwa bandarini kwetu haiko chini ya hapo. Mwaka 2016 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima petroli ya juu kwenye gari zilizoundwa kwa ya kawaida. Nguvu haikuongezeka kwa maana yoyote, ulaji wa mafuta haukupungua, na moshi ulikuwa ule ule.

Wenye Subaru za turbo siwagusi. Wao kibandiko kwenye kifuniko cha tangi kinadai petroli ya juu, ila kimeandikwa Kijapani na hakuna aliyewasomea. Wakiweka ya chini, sensa inasikia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha cheche, na gari linaendelea kwenda. Nguvu waliyoinunua ndiyo inayobaki nyumbani.

Hapo msomaji atadhani nasema petroli zote ni sawa. La hasha. Kwa injini ya sindano ubora wa petroli ni jambo kubwa kuliko ulivyokuwa kwa kabureta, ila ubora huo hausomeki kwenye namba ya oktani. Kabureta ilikuwa mvumilivu: ikiziba, fundi anaifungua chini ya mwembe, anapuliza jeti kwa mdomo, unaondoka. Noseli ya injini ya sindano ina vitundu vyembamba sana, na petroli inapita humo kwa shinikizo. Pampu yenyewe imezama ndani ya tangi na inapozwa na petroli ile ile, ndiyo maana wanaozoea kutembea taa ya mafuta ikiwaka wanaipika pampu huku wakiilisha uchafu wa chini. Maji kidogo tu, injini inamisi. Mafuta ya taa yakichanganywa, oktani inashuka, plagi zinashika masizi, na mwishowe taa ya injini inawaka na haizimiki.

Uchakachuaji tunaujua. Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati Tanzania, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili mchanganyiko ugundulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Hatua nzuri, na zimesaidia. Lakini vinasaba havizuii maji ya mvua kuingia kwenye tangi la ardhini ambalo mfuniko wake umelegea.

Tukumbuke pia kwamba kwa zaidi ya muongo mmoja mafuta yetu yanaagizwa kwa pamoja. Kampuni hii na ile zinagawana shehena ya meli moja. Tofauti inaanzia kwenye viongeza ambavyo kampuni inatia yenyewe, na kwenye usafi wa magari yake na matangi yake. Viongeza vya kusafisha vina kazi ya kweli, sibishi. Ila kwenye injini mpya zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingizia hewa haziguswi na petroli, kwa hiyo hazioshwi nayo.

Ukishuku, mwambie fundi avute petroli kidogo kwenye chupa angavu aiache itulie. Maji yatakaa chini, utayaona kwa macho. Kisha adondoshe tone kwenye karatasi nyeupe: petroli inakauka na kuondoka, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Si maabara, lakini ukiwa na risiti ya EFD mkononi una pa kuanzia kudai. Petroli ya chupa za maji kando ya barabara haina hata hiyo risiti.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatutangazia bei kikomo, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, hadi shilingi ya mwisho. Majibu ya sampuli za mafuta wanazopima nayo yatoke kwenye jedwali hilo hilo, kituo kwa kituo, jina la kituo likiwa wazi.